Ndege Mbili Zisizojuana

Loice Apolot aliuza simsim na karanga za kusaga katika soko la Busia, na ukimtaja kwa watu wa pande zile watacheka kwanza kabla ya kukujibu. Nyumba yake ilikuwa upande wa Tororo, Uganda, wateja wake wakiwa pande zote mbili za mpaka, na aligombana nao kwa Kiteso, kwa Kisamia na kwa Kiswahili chake cha kukatakata bila kuchoka. Hakuna aliyewahi kumpunja akarudia. Lakini mbele ya Adeke, kitinda mimba wake, mdomo huo wote ulipoa. Adeke alikuwa mwembamba kupita kiasi, na moyo wake ulidunda hata ukauona juu ya gauni. Akitumwa kisimani alichuchumaa njiani kutafuta pumzi. Wenzake walipokimbizana na mbuzi, yeye aliwatazama tu akiwa ameegemea ukuta, akicheka kwa niaba ya miguu yake.

Mwaka uliofuata uhuru wa Kenya, daktari wa misheni aliweka chombo chake kifuani pa mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akamweleza mama pole pole. Kulikuwa na mshipa kando ya moyo ambao ulipaswa kujifunga Adeke alipozaliwa, nao ulikataa. Huko Uingereza alikuwapo mpasuaji wa kuufunga. Amekubali, kitanda kimetengwa, na siku imewekwa. Wasipofika siku hiyo atalazwa mtoto mwingine, na daktari hakuficha: Adeke hana moyo wa kungojea zamu nyingine.

Misheni ikapata tiketi ya ndege kubwa kutoka Entebbe. Ilikuwa tiketi ya huruma, ya punguzo, na huruma ya makampuni unaijua: ina masharti kuliko mkwe mkorofi. Kumfikisha mtoto Entebbe kwa basi daktari alikataa, kwa jinsi barabara ilivyokuwa na mashimo. Ndipo Ojangole, shemeji yake Apolot na mkubwa wa ukoo, aliposema kwamba ile ndege ndogo inayotua Tororo wao wenyewe wataigharamia. Wakachanga. Kwa hiyo Apolot akawa na tiketi mbili mkononi, moja ya misheni na moja ya ukoo, na hakuna mtu, hata yule daktari na elimu yake yote, aliyejiuliza kama tiketi hizo zinajuana.

Asubuhi ya safari ukoo mzima ulikuwa uwanjani, wanawake na kanga zao mpya, wazee na viti vyao. Ndege ndogo ikashuka kutoka nyuma ya Mwamba wa Tororo, ikakimbia kwenye nyasi ikitetemeka, na watu wazima waliokuwa wameahidiana kutokimbia wakakimbia. Ilipotulia walirudi mmoja mmoja, wakaigusa ubavuni. Ilikuwa ya moto! Bibi mmoja alilia hadharani bila kujua analilia nini.

Kisha kukaja habari kwamba kule ziwani, upande wa Entebbe, kuna mvua kubwa na ndege haitaondoka mpaka mawingu yapungue. Watu wa mjini wangenung'unika. Ukoo wa Apolot ulifurahi mno. Kwa desturi yao mgeni anayeaga akainuka papo hapo ni mtu asiye na adabu. Mwenye heshima huaga, akakaa tena, akaongea, akaaga upya. Na hii ndege, chuma tupu, ilikuwa inajua heshima! Ojangole alikwenda kumpongeza rubani kwa kumshika mkono. Waliimba, wakaomba, wakaimba tena, na Apolot akaimba kuliko wote. Huku kila wimbo ulikuwa unaila ile tiketi nyingine.

Walipopaa, Apolot hakuweza kusema lolote, jambo ambalo lingewashangaza wateja wake. Mashamba aliyoyazoea kwa kiuno kuuma yalikuwa viraka vidogo chini yake. Alivitafuta kwa macho soko na ule mpaka uliomsumbua kwa vibali na maswali miaka yote, asivione. Adeke alibandika paji la uso kwenye kioo. "Mama," alinong'ona, "Mungu anaonaga hivi kila siku?" Apolot alimkumbatia, na woga na furaha vikamjaa pamoja hata akashindwa kuvitenganisha.

Entebbe, nyuma ya kaunta ya kampuni ya ndege kubwa, alisimama karani kijana aliyevaa tai, jina lake Osborn. Alizitazama tiketi, akatazama saa ukutani, kisha akamtazama mtoto.

"Mama, pole sana. Ndege imeshaondoka."

"Inarudi saa ngapi?"

"Hairudi, mama. Imeenda Ulaya."

"Kwani hii ndogo haikuambia mama yake sisi tunakuja?"

Osborn alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha. Apolot alikuwa ameamini, kama ukoo wote ulivyoamini, kwamba ile ndogo ni ndama wa ile kubwa, na ndama hawezi kupotea mbele ya mama yake. Basi karani akamweleza. Kama angekuwa na tiketi moja tu ya kutoka Tororo hadi Uingereza, kuchelewa kule kungekuwa mzigo wa kampuni. Angelazwa hotelini, angelishwa, na angepandishwa ndege inayofuata bila kuulizwa neno. Lakini tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali ni safari mbili. Kampuni ya ndege ndogo ilimwahidi Entebbe, na hapa ni Entebbe. Kampuni ya ndege kubwa ilimngoja abiria, na abiria hakutokea. Na tiketi ya huruma ikikosa ndege imekufa.

"Ndege ingine iko lini?"

"Kesho asubuhi. Ukipanda hiyo utaiwahi siku ya hospitali. Lakini kwa tiketi hii huwezi kupanda, mama."

Apolot alikwenda kwenye kaunta ya ndege ndogo. Wakamwambia yale yale kwa sauti ya upole zaidi. Akarudi, akatandika kanga yake sakafuni katikati ya kaunta hizo mbili, akamketisha Adeke, naye akaketi. Abiria wakawa wanawazunguka na masanduku yao. Osborn alivumilia kwa muda, kisha akatoka, akachutama mbele yao.

"Mwanangu, wewe mtu ya wapi?" Apolot alimuuliza.

"Busia, mama. Upande wa Kenya."

"Busia!" Sauti ya sokoni ilimrudia. "Sasa sema. Mgeni akitoka kwa mama yako, mama yako anamwacha mlangoni?"

"Hapana. Anamsindikiza."

"Mpaka wapi?"

 Osborn alikuwa amekwisha kuona anakopelekwa. Huko kwao msindikizaji hageuki kurudi mpaka amwone mgeni wake ameshikwa mkono na mwenyeji mwingine, na mtu aliyemwacha mgeni kwenye njia panda husemwa hata mazishini kwake.

"Mpaka apokewe," alisema.

"Hii ndogo ilinitoa kwa watu yangu. Mimi sasa nani alinipokea?"

 Karani aliinuka, akapita mlango wa ndani kwa mkubwa wake. Huko ndani alitaka kitu kimoja: safari yake ya bure wapewe yule mama na mtoto wake. Kampuni ilimpa kila mfanyakazi haki ya safari ya bure, yeye na jamaa yake, na Osborn alikuwa ameitunza yake tangu alipoajiriwa. Kila siku aliwapeleka watu angani kwa kalamu yake, na mwenyewe hakuwahi kuinuka hata kimo cha mti. Alijua atakwenda wapi na atakaa dirisha la upande gani.

"Huyu mwanamke ni nani wako?" mkubwa aliuliza.

"Ni mama yangu," alisema Osborn, na hakuona kwamba amedanganya.

Usiku ule Apolot na Adeke walikula na kulala nyumbani kwa Osborn, kwa mkewe Leonida. Kulipokucha Osborn alipanda nao ngazi za ndege kubwa. Apolot aliinua macho akaiona ilivyo, akasimama katikati ya ngazi, ikabidi Adeke amvute. Mlangoni Osborn aliutia mkono wa mtoto katika mkono wa mhudumu wa ndege, akamweleza kwa Kiingereza. Yule dada alisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa. Hakuuachilia mkono ule mpaka Uingereza, alipomkabidhi muuguzi aliyekuwa akingoja kwenye baridi.

Apolot hakujua namna ya kuwashukuru watu wa aina hiyo. Alizoea dunia ya kubishana, na hapa wageni walikuwa wakimpokea mtoto wake mmoja baada ya mwingine bila yeye kuinua sauti. Mbele ya chumba cha upasuaji zamu ilimfikia yeye ya kukabidhi. Vidole vyake vikakataa. Mpasuaji, mzee mwenye nyusi nyeupe, hakumharakisha. Aliushika mkono wa Adeke kwa mikono yake miwili, akangoja hivyo, mpaka mama akaweza kuachia.

Walirudi Entebbe msimu wa mvua nyingine, Adeke akiwa amenenepa mashavu, na maagizo ya daktari yakiwa atembee pole pole mpaka afike nyumbani. Apolot alimwonyesha kaunta iliyokuwa mwisho wa ukumbi, na mtu mwenye tai nyuma yake. Alipogeuka kuchukua mzigo wake, mkono wa mtoto haukuwapo tena.

"Wewe mtoto! Hapa hakuna kukimbia!" alifoka askari wa mlangoni.

"Mwache," Osborn aliita, naye alikuwa tayari anatoka nyuma ya kaunta. "Mwache bwana, sijamwona akikimbia."

Apolot alikuwa amesimama pale pale, mkono mdomoni, machozi yakimtiririka juu ya vidole.

"Hata mimi," alisema, "sijamwona."