Figo Lililobakishwa

Kaka yangu alianza kukojoa damu angali mtoto. Tulikulia Ramisi, na wavulana wa rika lake waliokuwa wakioga kwenye maji ya mashamba ya miwa, takriban wote walikuwa na kichocho. Kwa hiyo damu iliporudi akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, hakuna aliyeshtuka. Alipewa vidonge vya kichocho, damu ikakatika, ikarudi. Akapewa tena. Yeye alikuwa fundi wa kuezeka makuti kwenye hoteli za Diani, na hakuwa mtu wa kushuka paani kwa sababu ya maumivu ya kiuno.

Alishuka siku mkojo ulipotoka na mabonge ya damu. Tukampeleka Ukunda kupigwa picha. Figo la kushoto lilikuwa na uvimbe. La kulia lilikuwa limesinyaa kitambo. Kichocho kilikuwa kimeziba njia yake ya mkojo miaka na miaka, pasipo yeye kujua.

Binti yake alikuwa na bima ya kazini iliyomhusisha baba, na ndiyo iliyotufikisha Nairobi. Mimi ndiye niliyefuatana naye, maana wifi yangu alikuwa anauguza mamake. Daktari alikuwa mtu wa bara, mpole, mdogo kuliko sisi sote wawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari."

"Nikilitoa figo lote la kushoto, lile la kulia haliwezi kukubeba. Nataka nikate uvimbe peke yake, nikuachie sehemu iliyo nzima. Nitatumia roboti."

Kaka alinitazama mimi kwanza, kisha akamgeukia. "Yaani mashine ndiyo itakayonipasua?"

"Mimi ndiye nitakayekupasua. Nitakaa pembeni nishike vishikio, na mikono ya mashine itafuata mikono yangu. Ile haitetemeki, na hupita kwenye matundu madogo."

"Na hilo litakalobaki litafanya kazi?"

"Mara nyingi hufanya. Lakini figo lina damu nyingi, na pale tunaposhona panaweza kuvuja hata baada ya siku kadhaa. Sitakuficha."

"Basi, bismillahi," kaka alisema.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Sisemi hivi kwa kumpendeza mtu. Uvimbe ulitoka wote, na walipoupima walikuta ni saratani, lakini pembeni mwake nyama ilikuwa safi. Muda si muda kaka alikuwa akitembea ukumbini ameshika mkono wangu, akilalamika kwamba uji wa hospitali hauna tui.

Tuliporudi nyumbani kwake Msambweni watu walikuja kumjulia hali. Aliwafunulia shati. Walitarajia jeraha kubwa, wakaona vikovu vichache tu, kila kimoja kama ukucha.

"Alhamdulillahi, hata hukupasuliwa," jirani mmoja alimwambia. "Umetobolewa tu."

Wakacheka, na kaka akacheka nao. Wifi yangu alikuwa akimkataza kuinua kitu, lakini baada ya siku ile maneno yake hayakuwa na nguvu tena. Asubuhi moja alimkuta uani akipanga matita ya makuti. Adhuhuri, kabla hajatawadha, kaka alimwita mkewe kutoka chooni. Nilikuwa jikoni kwao nikikuna nazi, nikamsikia.

"Mama watoto, njoo uone."

Sakafu yote ilikuwa nyekundu. Alikuwa amejishika ukutani, midomo imemkauka.

Tulimkimbiza Mombasa, wakamwongeza damu, ikatoka kama ilivyoingia. Mshipa uliokuwa ndani ya figo, pale palipokatwa, ulikuwa umepasuka. Walijaribu kuuziba kwa kupitisha mrija mwembamba pajani, wakashindwa. Mwishowe wakalitoa lile figo lililobakishwa. Safari hii walimpasua kwa mkono, kuanzia ubavuni hadi karibu na kitovu.

Wifi yangu alimuuliza daktari wa pale kama ni yale makuti.

"Mama, huenda hata angelala kitandani ingetokea," alimjibu. "Hakuna anayeweza kukwambia kwa hakika."

Ningependa jibu hilo limsaidie. Halikumsaidia. Hadi leo yeye hulaumu makuti, na kaka hulaumu maji ya utotoni. Mimi sina wa kumlaumu, na nimegundua kwamba hilo nalo lina uzito wake.

Sasa kaka husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa juma. Hurudi akiwa baridi kama aliyetoka majini, akalala hadi alasiri. Maji anakunywa kwa kupimiwa kikombe kidogo. Madafu amekatazwa kabisa. Mzee wa pwani, hana ruhusa ya dafu. Kazi ya mapaa ameiacha.

Mwezi uliopita daktari wa Nairobi alitupigia simu kuuliza matokeo ya picha za mwisho. Nilimtumia. Alinipigia tena jioni ile ile, sauti yake imechangamka.

"Saratani haionekani popote, dada. Mapafu safi, mifupa safi. Mpe mzee habari njema."

Niliingia chumbani nikampa. Kaka alikuwa amelala chali, mkono wa sindano umevimba juu ya mto.

"Mwambie nimeshukuru," alisema. Kisha akaniomba nimgeuze upande, nami nikamgeuza.