Wifi Yangu na Pipa Lisilofunuliwa

Wifi yangu, dada wa mume wangu, hajawahi kuingia jikoni kwa mtu bila kufunua sufuria. Nilipoletwa kwao nikiwa bibi harusi, alifunua yangu kabla hajanisalimia. "Chumvi," akasema, kisha ndipo akaniuliza hali. Nilimchukia miaka miwili mizima. Leo mtu akimsema vibaya mbele yangu, ajiandae kwa ugomvi.

Alipika miaka thelathini katika jiko la hospitali, na ugonjwa wa kufunua aliupata huko. Alikuwa akisema wagonjwa mia mbili hawawezi kula maharage mabichi eti kwa sababu mpishi aliona haya kuchungulia. Alipostaafu tulidhani atapumzika. Alikaa nyumbani siku tisa. Siku ya kumi akaenda kwenye karakana iliyo nyuma ya kinu cha kukoboa kahawa, ambako fundi mmoja alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia "kupika takataka." Kazi aliipata kwa swali moja tu: "Zinaiva kwa muda gani?"

Takataka zenyewe ni maganda ya kahawa, magunzi ya mahindi na mashina ya migomba, tena mabichi na maji yake, maana pale hakianikwi kitu kwanza. Vinakatwakatwa na kutiwa maji ndani ya pipa la chuma nene, kifuniko kinakazwa kwa nati kumi na mbili, kisha moto unawashwa chini. Maji yanapata moto kupita ule wa kuchemka, lakini hayana pa kutokea, kwa hiyo yanayapika maganda mpaka yanageuka. Ni muda wa saa nne, halafu pipa linaachwa lipoe lenyewe. Kinachotoka ni uji mweusi unaonuka sukari iliyoungua. Unakamuliwa, unashindiliwa kuwa vitofali, vinaanikwa, na hapo umepata makaa bila kuangusha mti hata mmoja.

Mimi nami ni mpishi, wa shule. Miaka kumi na saba ya kuni mbichi ilikuwa imenikalia kifuani. Nikianza kusema jambo, kikohozi kinanikata katikati, na watoto wakawa wananiigiza kwenye foleni ya chakula. Nilificha, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Daktari aliniambia waziwazi: moshi uishe, au niache kazi. Na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inatulisha, kwani mgongo wa mume wangu ulishagoma zamani.

Wifi aliposikia hakunipa hata pole. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, akamwomba avijaribu vitofali vyake. Mwalimu mkuu akatupa siku moja. Vikitoa moshi tunarudi kwenye kuni, na mimi namwachia mwingine mwiko.

Vilitoa moshi. Tena moshi ambao kuni zenyewe zingeuonea haya! Nilitoka nje nimeinama, mikono magotini, natafuta pumzi. Mwalimu mkuu aliniletea maji, akaondoka.

Jioni ile wifi alikuja nyumbani. Angeweza kuyasingizia maganda, au mvua, na nisingejua. Lakini alikaa sakafuni kando ya kitanda changu, yeye ambaye kwa kawaida huchagua kiti kizuri kuliko vyote.

"Wifi, nimekuharibia."

"Umefanya nini?"

"Nilifunua."

Fundi alikuwa ametoka kwenda kutafuta mpira wa kifuniko. Saa mbili zilikuwa zimepita tangu pipa lipate moto. Wifi alifungua valvu, akauachia mvuke wote, akalegeza nati, akachungulia. Maganda yalikuwa ya kahawia. Akafunga tena, akachochea moto, akahesabu saa mbili zilizobaki, kama unavyofanya kwa maharage. Kumbe pipa si sufuria. Ukilitoa pumzi, unaanza kuhesabu upya.

"Lingekuua!" nikamwambia.

"Nilitaka kuona tu," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi kwa ajili yako."

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, nikashindwa. Nani mwingine aliwahi kupata wasiwasi kwa ajili ya kifua changu?

Kesho yake alirudi kwa mwalimu mkuu, akayasema hayohayo mbele ya walimu wote, mwanamke mzima na mvi zake. Akapewa siku nyingine moja. Safari hii, kabla ya kuwasha moto, alimkabidhi fundi spana. "Hata nikikwambia nyumba yangu inaungua, usinipe." Fundi anasimulia kwamba alilizunguka pipa lile kama mtu anayesubiri mkwewe ajifungue. Ilipofika saa ya tatu aliiomba spana, eti ajikunie mgongo. Fundi akaisukuma ndani zaidi mfukoni. Pipa lilipopoa na kufunguliwa, uji ulikuwa mweusi tii.

Vitofali vilipokauka, tuliviwasha alfajiri. Saa tatu na nusu mwalimu mkuu alikuja mbio, tai imemkalia begani.

"Mpishi! Mbona hujawasha moto? Watoto watakula nini leo? Sioni moshi!"

Hasira zilinipanda. "Mwalimu, moto umewaka tangu saa kumi na mbili, maharage yanatokota sufuria zote tatu, na kama ungetazama chini ya sufuria badala ya kutazama juu ya paa ungeuona mwenyewe, sasa niondokee hapo mlangoni unanizibia mwanga!"

Akainama, akaona, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akaniomba radhi, akasema kuni hazitanunuliwa tena. Lakini wifi, aliyesimama karibu na ndoo za maji, hakucheka. Alikuwa ananitazama na machozi yanamtiririka.

"Nini tena, wifi?"

"Umeyasema yote," akasema. "Yote, mpaka mwisho. Hukukohoa."