Injini Haifunguliwi

Mama Klachi unaweza kumsema utakavyo. Mwite mbishi, mwite mwenye mdomo, atacheka na kukuongezea mengine uliyoyasahau. Lakini liache gari lake. Ukiligusa gari lile la bluu, hata kwa kusema tu kwamba rangi ya boneti imechujuka, umejitafutia maneno ya kukutosha mpaka jioni.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya madereva wa mji ule walipitia mikononi mwake, yeye akiwa kiti cha pembeni, akipiga kelele "Klachi! Klachi jamani, unaua gari!" mpaka jina likamganda. Alipostaafu akajinunulia gari lake mwenyewe, la mtumba, na tangu mumewe afariki ndilo lililokuwa likimtoa nyumbani. Sokoni anakwenda mwenyewe. Kwa dada yake, upande wa pili wa mji, anakwenda mwenyewe. Jirani akishikwa na uchungu wa kuzaa, anayeamshwa ni Mama Klachi. Bila gari angekuwa mtu wa kusubiri kuchukuliwa, na kusubiri ndicho kitu ambacho hakuwahi kukiweza.

Sasa mwanawe wa mwisho, muuza vitanda na makabati, anayekaa na mkewe nyumba ya uani, alikuwa amemshikia bango kwamba gari liuzwe. Gari limechakaa, mama. Gari litakuaibisha njiani, mama. Kila chakula cha jioni wimbo ni huo huo. Siku moja Mama Klachi akapandwa na hasira, akaweka kijiko chini.

"Nisikilize. Siku itakapobidi injini hii ifunguliwe, funguo nakukabidhi mwenyewe, kwa mkono wangu. Lakini kabla ya hapo sitaki kusikia neno."

"Unasema kweli, mama?"

"Mkeo shahidi."

Haya, ulimi umeshateleza. Haukupita muda gari likaanza kutoa moshi wa bluu kila asubuhi, na oili ikawa inavuja kidogo kidogo pembeni mwa mfuniko wa juu wa injini. Mwana akaenda mbio kumleta fundi, bwana mmoja mrefu mwenye gereji karibu na kituo cha mafuta, ambaye naye alifundishwa gari na mama huyo huyo. Fundi akainua boneti, akatazama, akashusha pumzi.

"Mwalimu, hii ni ya kufungua. Ringi zimekwisha, zile za pistoni zinazoizuia oili isiungue. Jumatatu nakuja kuishusha."

Mama Klachi akaikumbuka ahadi yake ya funguo. Lakini macho yake yalikuwa kazini. Fundi hakuomba gari liwashwe. Hakuchomoa hata kijiti cha kupimia oili. Na aliposema "ringi zimekwisha" hakumtazama mwenye gari, alimtazama muuza vitanda. Fundi gani huyo, wa kupima injini kwa kuangalia sura za watu?

Walipoondoka akaliwasha gari mwenyewe, akasimama mbele yake mikono kiunoni. Kijiti cha oili kilikuwa kimepanda, kimetoka nusu kwenye tundu lake. Akakisukuma ndani. Kikapanda tena.

"Aa! Nani anakusukuma wewe?"

Akakumbuka jambo alilomwona fundi wa shule ya udereva akilifanya zamani. Akaingia jikoni, akachukua glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akaivalisha glavu pale mdomoni mwa tundu na kuikaza kwa kamba. Injini ikiendelea kunguruma, glavu ikaanza kujaa. Kikainuka kidole gumba, vikafuata vingine, mpaka mkono mzima ukasimama umevimba juu ya injini ukimpungia.

"Kumbe!" akasema kwa sauti, peke yake uani.

Maana injini yoyote ikifanya kazi, hewa chafu hujikusanya tumboni mwake, na hewa hiyo lazima itoke. Hutokea kwenye mpira mwembamba wenye vali ndogo, mafundi wanauita briza. Mpira huo ukizibwa na masizi, hewa inakosa pa kupita, inaisukuma oili nje kwenye kila upenyo, na nyingine inaingia mahali inapoungua. Ndiyo ule moshi wa bluu. Ringi ziwe zimekwisha au hazijakwisha, mtu hawezi kujua kabla hajausafisha mpira huo kwanza. Na kuusafisha hakuhitaji kufungua injini. Mama Klachi alicheka mpaka akakohoa.

Jumapili asubuhi akatandika shuka kuukuu ubavuni mwa gari. Juu yake akapanga bisibisi, koleo, mswaki uliochoka, waya, matambara na kopo la petroli. Mpira ulikuwa umekakamaa kwa miaka. Ukiuvuta kwa nguvu unakatika, na hapo umekwisha. Akachemsha maji, akaumwagia maungioni taratibu mpaka ukalainika, kisha akauchomoa kwa kuuzungusha, huku akiubembeleza kwa maneno ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuyasikia.

Mwanawe akatokea na kikombe cha chai. "Mama! Si umesema injini ikifunguliwa unanipa funguo? Mbona unafungua?"

"Nimefungua nini?"

"Hayo yote hapo chini ni nini?"

"Mpira na vali. Kumvua mtu kofia ndiyo kumpasua kichwa? Njoo hapa. Nionyeshe bolti moja ya injini niliyoilegeza. Moja tu!"

Mwana akainama, akatafuta, asione. Akarudi kwenye chai yake.

Vali ile ikiwa nzima, ukiitikisa sikioni inalia. Hii ilikuwa bubu. Akaitumbukiza kwenye petroli, akaiacha iloweke. Akafunga tambara kwenye waya, akaupitisha ndani ya mpira, na upande wa pili ukatoka uji mweusi mzito unaonuka. Akarudia, na akarudia, mpaka tambara likatoka na rangi yake. Tundu la kwenye mfuniko wa injini akalisugua kwa mswaki, huku akifuta uchafu kuja nje usije ukaangukia ndani. Alipoitoa vali na kuitikisa tena, ikalia.

"Umesikia?" akamuuliza mwanawe.

"Nimesikia."

Akaunganisha kila kitu, akavalisha glavu, akawasha. Glavu haikuvimba, lakini wala haikuvutwa ndani, kama inavyopaswa injini ikiwa inaitoa hewa yake. Ililala tu pale, ikitetemeka kidogo. Mama Klachi akaitazama. Akazima, akawasha tena. Ikawa vile vile.

"Mama, yatosha sasa," mwanawe akasema kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma zaidi. "Kesho fundi anakuja. Umejitahidi."

"Nani kakuambia najitahidi? Nenda ndani!"

Machozi ya hasira yalikuwa yamemlenga. Akaichomoa vali, akaifuta, akaitia mdomoni pamoja na ladha yake ya petroli, akapuliza. Pumzi ikagoma. Akaigeuza, akapuliza upande wa pili. Pumzi ikapita. Lo! Alikuwa ameiweka kinyumenyume, kosa ambalo mwanafunzi wake angelifanya, angemteremsha garini. Akatema mate, akaiweka sawasawa, akawasha. Glavu ikatulia kidogo, kisha vidole vyote vikanyonywa ndani vikapotea. Moshi uliendelea kwa muda, mabaki ya kwenye ekzosi, halafu ukapungua mpaka ukutani kwa jirani kukaonekana vizuri.

Jumatatu fundi alikuta gari linanguruma. Akasikiliza, akachungulia nyuma, akachomoa kijiti cha oili na kukirudisha. Kikakaa pale alipokiweka.

"Ringi zimekwisha, sivyo?" Mama Klachi akamuuliza.

Fundi akakuna shingo. "Mwalimu, nisamehe. Niliombwa niseme hivyo."

Hakuhitaji kutaja aliyemwomba. Muuza vitanda alikuwa amesimama mlangoni akitazama viatu vyake. Mama Klachi akamshukuru fundi, akamwambia aende na vyombo vyake salama, na asirudie kumwongopea mtu aliyemfundisha kurudisha gari nyuma. Kisha akamgeukia mwanawe. Alitarajia kupiga kelele, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Kwa nini, baba? Gari limekukosea nini?"

"Si gari, mama. Ni macho yako. Siku moja ulimpita mke wangu barabarani, anakupungia mkono, hukumwona. Nimeogopa. Ningekwambiaje? Wewe unaambilika?"

Ilimchoma. Angeweza kumtolea maneno, alikuwa nayo tele. Badala yake akafungua mlango wa abiria.

"Ingia. Kaa kiti changu cha kazi. Nikikosea, sema hapo hapo, kwa sauti. Mwanafunzi anaambiwa kosa lake usoni. Haendi mtu kulisingizia gari lake."

Wakatoka. Mama Klachi aliendesha mgongo wima, mikono miwili kwenye usukani, na injini iliitika vizuri mpaka akajisikia kuimba. Walipita shule, wakapita benki, mwana akiwa ameshikilia mkono wa mlango. Kwenye makutano ya soko mama akaingia kulia.

"Mama! Baiskeli!"

Akakanyaga breki. Mwenye baiskeli akapita mbele yao akiwatukana, akaenda zake. Mama Klachi alitaka kusema alimwona. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akaegesha kando, akavuta breki ya mkono, akakaa akitazama barabara.

"Sikumwona," akasema.

Halafu akamgeukia mwanawe.

"Umeona? Umesema, na mbingu haijaanguka. Kesho unanipeleka kwa daktari wa macho. Utaendesha wewe. Akinipa miwani, nitaivaa. Akiniambia niache, nitaacha, kwa sababu nimeambiwa ukweli. Lakini funguo zinabaki mfukoni mwangu mpaka yeye aseme. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

"Sasa tunarudi nyumbani, mwendo wa kobe. Wewe tazama upande wako, useme kila unachokiona. Usinihurumie."

Akawasha taa ya kugeukia, akangoja.

"Pikipiki inakuja, mama. Nyuma yetu."

Akageuza shingo, akakaza macho, akatazama mpaka akaiona. "Nimeiona," akasema, akaiacha ipite, kisha akaingia barabarani.