Ndengu za Kibuyu cha Mama Mkwe

Kuna siku moja ya mwezi wa tisa ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa Ruiri miezi minne tu, na siku hiyo nilimpikia mama mkwe wangu urithi wake mwenyewe, nikampelekea kitandani, nikasubiri anisifu.

Nitakueleza pole pole. Mimi si mtu wa kuandika. Darasa la saba ndilo lililonifikisha hapa, na katika daftari hili huwa naandika mambo ya kwangu tu: mvua imenyesha, ng'ombe amezaa, basi. Lakini nawaona nyinyi vijana siku hizi mkiotesha ndengu na kamande kwenye chupa dirishani, mnazila na vimizizi vyake, na wengine mmeacha nyama kabisa. Wazee wenzangu wanawacheka. Mimi siwacheki. Nilikula ndengu zilizoota kabla hujazaliwa, na nilifanya kosa ambalo sitaki ulirudie.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Nkubu. Kwetu ni kijani mwaka mzima, na mbegu haikuwa kitu cha kuogopwa. Ukikosa maharagwe ya kupanda unaenda kwa jirani anakupa bakuli, na wiki ijayo naye anakuja kuomba mche wa ndizi. Ruiri ni kwingine. Mvua ya Ruiri ni kama mgeni mkubwa, huja akitaka, na asipotaka utafagia uwanja bure. Hilo nilikuwa nimelisikia kwa masikio. Kwa moyo nilikuwa bado.

Mama mkwe wangu, ambaye watu walimwita Mama Mwiti kwa jina la mume wangu, alikuwa ametoka kule chini Tharaka. Mwanamke mfupi, wa maneno machache. Juu ya meko yake, kwenye moshi, kulining'inia kibuyu kilichozibwa mdomo kwa gunzi la mahindi. Nilikiona kila siku na sikuuliza ni cha nini. Yeye naye hakuniambia. Niseme haki: labda alidhani kila mwanamke anajua, na mimi labda nilidhani kitu cha maana hufungiwa sandukuni. Kosa hilo naligawa mara mbili, lakini kipande kikubwa nachukua mimi. Kuuliza si ujinga, na mdomo nilikuwa nao.

Mwezi huo akaugua. Homa ilimlaza wiki mbili, akatibiwa, homa ikaisha, lakini hamu ya chakula haikurudi. Mume wangu alichinja mbuzi, tukachemsha supu, akaionja na kusukuma bakuli. "Inanuka damu," akasema. Uji alikunywa vijiko viwili, akageukia ukuta. Akakonda hadi sweta yake ikaonekana kama ameiazima. Nikaanza kuogopa kwamba atatutoka, nami nimekuja juzi tu, na watu watasema bibi arusi ameingia na miguu mibaya. Unaona, hata hofu yangu nusu ilikuwa ya kumhurumia yeye, na nusu ya kujihurumia mimi.

Ndipo nikakumbuka dada mmoja wa afya aliyewafundisha kina mama wa kanisa letu kule Nkubu kuotesha ndengu za kula. Alisema mtu aliyekataa nyama anaweza kupata nguvu huko, na kwamba ni laini kutafuna. Nikaenda Kiirua, nikanunua ndengu dukani, nikaziloweka usiku kucha, nikamwaga maji, nikazifunga kwa kitambaa. Kuzisuuza nikasahau. Siku ya tatu nilipofungua, nusu zilikuwa ngumu kama changarawe, na nusu zilikuwa zinateleza na kunuka.

Wifi yangu Kanana, dada yake Mwiti, alikuwa pale jikoni. Akashika pua.

"Mke wa kaka, hicho ni chakula au ni dawa ya kufukuza panya?"

"Ni cha mama."

"Haki ya Mungu! Mama amekataa mbuzi, sasa umletee vilivyooza? Wapelekee kuku kwanza. Wakila, uje unipake tope usoni."

Kuku hawakula. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini siku ile nililia.

Kesho yake nikiwa peke yangu jikoni niliteremsha kile kibuyu. Nilikuwa natafuta nini, sikumbuki vizuri, na sitaki kutunga. Nikatoa lile gunzi, nikatia mkono, nikakuta majivu, na ndani ya majivu nikakuta ndengu. Ndogo, kavu, hazing'ai kama za dukani. Nikafurahi! Nikajiambia ni za nyumba, na mimi ni wa nyumba. Kama niliamini maneno hayo sijui. Nafikiri niliamini nusu, kwa sababu nilingoja Kanana aende kuteka maji ndipo nikazimimina kwenye sufuria. Mtu mwenye haki yake haangalii mlango.

Na niliziloweka zote, mwanangu. Kibuyu kizima. Niliona zile za kwanza zimeoza, nikasema heri zizidi kuliko zipungue.

Safari hii nilizisuuza asubuhi na jioni, nikazifunga kitambaa safi, nikaziweka kivulini. Siku ya pili zilikuwa zimepasuka, kila moja imetoa mkia mweupe mfupi kama ukucha wa mtoto. Hakuna iliyooza. Nilichukua nusu, nikazikaanga kidogo na kitunguu na chumvi, nikampelekea mama mkwe kitandani.

Alikula kijiko kimoja, akatafuna muda mrefu. Akala cha pili. Akala cha tatu bila kuniangalia. Kanana alisimama mlangoni akitazama. Mama alimaliza bakuli, akapitisha kidole pembeni, akalamba. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Umezitoa wapi?" akauliza.

"Kiirua, mama. Kuna mwanamke anauza."

"Mwanamke wa wapi?"

"Wa... wa Tharaka."

"Anaitwa nani?"

"Sikumuuliza."

"Ungemuuliza," akasema pole pole. "Huyo lazima ni ndugu yangu. Hizi ndengu nimezila tangu sina meno."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata uwanjani. Nikapiga magoti, nikasema yote. Kwamba nimeteremsha kibuyu. Kwamba nimeloweka zote. Yeye akafunga macho, nikadhani amerudiwa na homa.

"Mama yangu alinipa viganja viwili nikija kuolewa," akasema. "Kila mwaka nazipanda, nazivuna, nazirudisha kwenye majivu. Mwaka jana jua likala shamba. Kule kwetu siku hizi wanapanda za dukani. Zilikuwa zimebaki hizo."

Kanana akapiga kofi kwenye paja. "Amemaliza mbegu! Ngoja kaka asikie!"

"Mwiti anajua nini juu ya ndengu?" mama akamkata. "Wewe nyamaza." Kisha akanigeukia. "Umepika zote?"

"Nusu, mama. Nyingine ziko kwenye kitambaa."

"Mikia imekuwa mirefu?"

"Bado. Mifupi."

Akateremsha miguu kitandani. Nilikuwa sijamwona akisimama mwenyewe kwa siku nyingi. "Basi zimeshaanza safari," akasema, "na kibuyuni hazirudi tena. Nipe mkono, tuzisindikize."

Tulitoka hadi nyuma ya jikoni, pale nilipokuwa namwaga maji ya vyombo, ndipo udongo ulikuwa na unyevu kidogo. Nikamwekea kigoda. Yeye akitoboa shimo kwa kidole, mimi nikitia ndengu moja, mkia ukiangalia chini, nikifunika. Moja, moja. Maji ya bomba kwetu yalikuja kwa zamu, Jumanne na Ijumaa, na ile haikuwa Jumanne wala Ijumaa. Kanana aliyekuwa ananicheka ndiye aliyeenda kwa jirani na mtungi, na akaenda tena mara ya pili bila kutumwa. Naandika hilo makusudi, maana ukisikia hadithi hii kwa mwingine utaambiwa wifi alikuwa mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa na ulimi tu.

Tulipofika katikati ya mstari mama akapumzika, akafuta kidole kwenye leso yake.

"Msichana wangu," akasema, "kunilisha hukunikosea. Umenilisha vizuri, na nimeshiba. Umenikosea ulipofungua kitu usichokijua bila kuniuliza, na nilipokuuliza mimi ukanidanganya. Ungeuliza, ningekupa kiganja kimoja uoteshe, na kingine tungengojea nacho mvua. Akiba haiozi, lakini huliwa."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Kelele husahaulika.

Mvua ilichelewa. Tulizungushia miiba ili kuku wasichakure, na mimi nikazinyunyizia maji ya kuoshea viazi na vyombo. Nyingi zilikauka. Nyingine sisimizi walizibeba nikiwaona. Nilihesabu zilizosimama kila asubuhi hadi Kanana akaniita karani. Mvua ilipoanza zilikuwa zimebaki ishirini na tisa, na hizo zikazaa. Tulipopura, zilifika nusu ya kibuyu, pungufu kidogo. Mama akachekecha majivu ya jiko, akanipa majivu hayo na kibuyu, akasema, "Changanya wewe. Na ufunge wewe." Halafu akatenga kiganja kimoja kwenye bakuli. "Hizi ni za kula. Ziotesheni, nina hamu nazo." Tulizila sisi watatu, na Mwiti akaletewa kijiko kimoja aonje.

Sisemi ndengu ndizo zilizomponya. Alikuwa amemeza dawa za hospitali, na pengine hamu ingerudi yenyewe. Ninachojua ni kwamba alianza kula siku ile, na aliishi miaka mingi baadaye, na zile ndengu bado nazipanda.

Sasa nasaha zangu, mwanangu, uzipime mwenyewe, maana mimi si mwalimu. Ukitaka kuotesha cha kula, ujue kwanza mbegu imetoka wapi. Ile ya kupandia iliyopakwa dawa yenye rangi, hata uioshe mara kumi, usiile. Ni ya udongo, si ya tumbo. Maharagwe mekundu usiyale mabichi wala yakiwa yameota tu, yachemshe hadi yaive kabisa. Ndengu ziloweke usiku mmoja, umwage maji, uzisuuze asubuhi na jioni na mikono safi, na zikinuka usizionee huruma, zitupe. Za mgonjwa, mzee na mtoto zipitishe kwenye moto. Ukikosea mara ya kwanza usione haya kama nilivyoona mimi, kwa sababu ile haya ndiyo iliyonipeleka kwenye wizi.

Kama umeacha nyama, vizuri, lakini usimkunjie uso anayekula. Na anayekula asikucheke. Sahani ya mtu ni ya mtu. Ila ukiingia nyumba isiyo yako, hata kama umeolewa kwa pete na kwaya, uliza kila kilichofungwa kimefungwa kwa nini. Utaonekana mjinga siku moja. Na ukishakosea, sema haraka, kabla mikia haijawa mirefu, maana kosa linalosemwa mapema mara nyingi huwa bado lina nusu ya kuokoa. Mimi niliokoa nusu ile kwa sababu mama mkwe aliuliza hadi nikasema kweli. Si kila mtu atakuuliza mara tatu.

Basi Mungu akupe njaa ya kiasi na chakula cha kuitosha. Akupe mzee wa kumuuliza akiwa bado hai. Na siku nawe utakapokuwa mzee, na msichana wa watu amepiga magoti mbele yako na kosa lake mkononi, akupe nguvu ya kuteremsha miguu kitandani. Amina.