Umbea wa Kusomea

Nyumbani walimwita Mtafiti, na si kwa kumsifu. Jina hilo binti huyo alilipata siku alipotangaza mezani kwamba, katika masomo ya mwaka huu wa mwisho kabla ya chuo kikuu, lililomkaa moyoni ni sosholojia. Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, akataka kujua somo hilo linatengeneza nini. Akaelezwa kwamba linachunguza watu wanavyoishi pamoja: nani anaamua, nani anatii, nani anajifanya hajasikia.

"Kumbe ni umbea," baba akasema, "ila wa kusomea."

Shangazi, aliyekuja zamani kusalimia tu na sasa alikuwa na funguo zake mwenyewe za nyumba, akasema kama ni hivyo basi yeye shahada anayo, bado joho.

Walipokwisha kucheka ikatoka hukumu: muhula ukiisha, Mtafiti aachane na hayo mambo, ahamie uhasibu. Baba aliitamka kwa sauti ileile ya kumwambia mteja kwamba geti halitakuwa tayari kesho. Lakini neno "uhasibu" lilikuwa la mama, mtunza stoo wa hospitali, mtu anayependa vitu vinavyohesabika vikatimia.

Wiki hiyohiyo mwalimu akawapa kazi. Kila mwanafunzi achague nyumba moja, aangalie kimyakimya, kisha aeleze mkuu wa kaya ni nani na yeye mwanafunzi amejuaje. Mtafiti akachagua kwao. Aliona kwamba akiifanya vizuri kazi hiyo, huenda wazazi wakalegea.

Alianza kwa kuuliza mmoja mmoja. Wote walisema ni baba, na wa kwanza kusema alikuwa mama. Kisha akaanza kuangalia, na macho yakampa jibu jingine. Baba akiombwa jambo lolote, ruhusa ya safari au msumari wa kutundikia picha, alijibu, "Nitafikiria." Katika nyumba ile, kufikiria kulikuwa ni kutoka sebuleni kwenda jikoni alikokuwa mama. Mlango ulirudishwa, vifuniko vya sufuria vikalia kidogo, halafu baba akatoka na wazo lililokamilika, mara nyingine likinukia vitunguu.

Kama angenyamaza hapo, yote yangekuwa shwari. Lakini ugunduzi ulimwasha ulimi.

"Baba," aliuliza, "kwa nini ukifikiria lazima upitie jikoni?"

Baba alitoka kwenda uani akavaa miwani yake ya kazi, na cheche za jioni ile ziliruka hadi kwa jirani.

Tangu kesho yake akawa mkuu wa kaya kwelikweli. Aliamua makochi yageukie ukutani ili watu wasile wakitazama televisheni. Aliamua mapazia yafuliwe siku ambayo maji hukatika. Aliamua shangazi arudi kwake, na shangazi akasema atafikiria, akaenda jikoni. Mama alitii kila kitu. "Mkuu wa kaya amesema," aliwaambia watoto kwa upole uliotisha kuliko kelele, na familia nzima ikala wali ikiutazama ukuta.

Muhula ukaisha. Mtafiti akaenda kusimama mbele ya baba, vidole vimesokotana, akasema hataki uhasibu, anaomba aendelee na sosholojia.

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni akikausha sahani iliyokwisha kukauka.

"Nita..." baba alianza, akakatisha. Binti yake, maskini, alikuwa ameshaitazama miguu ya baba. Miguu nayo ilikuwa imeelekea jikoni. Baba akairudisha chini ya kochi, mmoja baada ya mwingine, kama anayeingiza mbuzi zizini. Hapakuwa na pa kwenda.

"Endelea nayo," akasema. "Nimeamua mwenyewe."

Mama akaiweka sahani kabatini taratibu.

Kwa hiyo Mtafiti alipata alichokitaka, na utafiti wake ukafa papo hapo. Akiandika yanayopita jikoni, baba atasikia, na uamuzi wake utarudi kule kule kwenda kufikiriwa upya. Akakaa na kalamu muda mrefu, kisha akaandika kwamba mkuu wa kaya ni baba, ambaye mtafiti alimshuhudia kwa macho yake akiamua jambo zito bila kumuuliza mtu.

Mwalimu aliisifu kazi ile kwa kuzingatia ushahidi. Baba akaagiza isomwe sebuleni, na Mtafiti akaisoma bila kuinua macho. Shangazi alipiga makofi. Mama alisikiliza mpaka nukta ya mwisho.

"Ungekuwa stoo kwangu, mwanangu," akasema, "kwa hesabu hii ningekufukuza."

Kisha akasogea, akampa nafasi akae karibu naye.