Mihogo ya Siku Mbili

Kambo hakuweza kukimbia. Hilo ndilo jambo nililolala nalo na kuamka nalo msimu ule wote wa mvua. Kambo ni nyanya yangu, mama wa mama; ndivyo tunavyowaita wazee wetu sisi ambao watu wetu walitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Magoti yake yalikuwa yamevimba, na nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya matete, hapa Nchelenge, mahali ambapo ziwa likipanda kidogo tu linaingia uani bila hodi.

Mwaka uliotangulia maji yalifika hadi ukuta wa jikoni. Tofali zetu ni za udongo mbichi, hazikuchomwa. Nyumba moja ya jirani ilisimama ndani ya maji siku mbili, siku ya tatu ikakaa chini kama mtu aliyechoka. Hakuna aliyekufa, kwa sababu ilikuwa saa nne asubuhi na wote walikuwa sokoni. Niliuona ukuta ule ukishuka, nikajiambia: sisi tuna mtu ambaye haendi sokoni.

Niliacha shule darasa la tisa. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe, kwa vikaratasi vya kliniki, kwa redio na kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Ndiyo sababu, nadhani, napenda mambo yangu yawe kamili kupita kiasi. Aliyefundishwa na mwalimu akikosea anaweza kumlaumu mwalimu. Mimi sina wa kumlaumu.

Basi nilitayarisha nyumba. Nilitafuta pipa la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, la kuwekea chakula. Kadi za kliniki na vyeti vyetu nilivifunga katika plastiki tatu, moja juu ya nyingine. Nilifanya hata mazoezi ya kumbeba kambo kwa baiskeli: anakaa nyuma kwenye keria, nimemfunga kiunoni kwa kitenge, nasukuma hadi barabara ya lami na kupanda kilima hadi shule ya msingi. Mara ya kwanza majirani walitoka kutazama.

"Mwe!" alipaza sauti mama muuza chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Yeye ni Mubemba, na Kiswahili chake ni cha sokoni. "Mayi iko kule mbali, na weye umeshaanza kukimbia? Umesikia nini kwa samaki?"

"Mumuache," kambo akajibu kutoka kwenye keria, ameshikilia kilemba. "Huyu mutoto siku akikufa, ataandika kwanza saa."

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Lakini usiku sikulala, nikiwaza kwamba pale penye mchanga gurudumu lilikwama.

Mwezi wa tatu gari la wilaya lilipita na kipaza sauti: ziwa linapanda, wanaokaa karibu na matete wajiandae kuhama. Mama alikuwa ameenda Mununga kununua samaki wa kuuza, hakutarajiwa kabla ya Jumamosi. Nilikuwa peke yangu na kambo. Siku mbili kabla, Jumatatu, nilikuwa nimeng'oa shamba letu lote la mihogo ili maji yasiiozeshe ardhini, nikaimenya na kuiloweka katika shimo letu la maji.

Mihogo yetu ni ile mikali. Tunaipenda kwa sababu nguruwe hawaigusi wala wezi. Lakini ina sumu, na kila msichana wa hapa analijua hilo kabla hajajua kufunga kitenge: inalala majini siku nne, wakati wa baridi hata tano, mpaka iwe laini na inuke. Ndipo unaivunja kwa mikono, unaianika, unaitwanga.

Jumatano jua lilitoka. Wiki nzima hatukuwa na jua, na mawingu yalikuwa yamekaa kule juu ya ziwa, meusi. Katika ratiba yangu niliandika kwamba unga uwe ndani ya pipa kufikia Jumamosi. Nikingoja siku nne, mihogo itatoka majini Ijumaa, na nani alinihakikishia jua la Ijumaa? Niliitoa siku ile ile. Ilikuwa migumu. Haikuvunjika mkononi, nikachukua kisu na kuikatakata.

Nakiri kwamba niliipenda kazi ile. Vipande vilikuwa vyembamba, vya ukubwa mmoja, vyeupe. Makopa ya watu wengine huwa na rangi ya majivu na harufu inayokufuata hadi kanisani. Yangu hayakuwa na harufu yoyote. Nilijidanganya kwamba huo ni usafi. Kambo alitaka kutoka nje asaidie kuanika, nikamkataza, nikamwambia apumzishe magoti. Angeshika kipande kimoja tu, angejua.

Mama alirudi Jumamosi jioni. Alifungua pipa, akatumbukiza mkono kwenye unga, akaupitisha kati ya vidole.

"Bunga yako ni nyeupe sana. Mihogo ililala mu mayi siku ngapi?"

"Ine, mama. Siku nne."

"Yote?"

"Yote."

Neno lile lilitoka kirahisi. Sikuwaza sumu. Niliwaza kwamba nikisema mbili, ataniambia nirudie kazi yote, na wiki yangu itakuwa imeharibika.

Maji yaliingia uani Jumapili wakati watu wako kanisani. Na kila kitu nilichokipanga kilikwenda kama nilivyokipanga. Kambo alikuwa juu ya baiskeli kabla maji hayajafika kifundo cha mguu. Pipa lilipanda kilima kwa mkokoteni. Siku ya pili tulisikia kwamba nyumba yetu imeanguka, upande wa chumba cha kambo kwanza. Mama alinishika kichwa kwa mikono miwili mbele ya watu, akalia. Mzee mmoja wa kamati aliyegawa vyumba vya madarasa alisema watoto wengine waige mfano wangu. Nilisikia joto masikioni. Ilikuwa furaha, sitasema uongo.

Katika darasa letu tulikuwa familia nne. Wengine walikimbia na blanketi na sufuria tu, kwa hiyo siku ya tatu, mfuko wetu mdogo wa unga wa zamani ulipokwisha, nilifungua pipa na kugawa. Beseni moja kwa kila familia. Mama muuza chisense, ambaye naye alikuwa darasani mwetu, alinusa unga, akatikisa kichwa.

"Haina harufu hata kidogo. Weye uliosha hii na sabuni?"

Sisi tulipika mapema, sahani moja ya kambo kwanza, kwa sababu kambo alikuwa hajala tangu jana. Samaki hawakuwepo, mitumbwi haikuingia ziwani kwa upepo ule. Bukari, yaani ugali wa muhogo, na chumvi tu. Mama aliitwa nje kwenye foleni ya maji kabla hajaonja. Mimi nilikaa mbele ya kambo nikamtazama akila. Alitafuna polepole, akanitazama, akaendelea hadi sahani ikabaki na tonge moja.

Saa sita mchana alisema kichwa kinamgonga. Baadaye akatapika, akatapika tena, na alipojaribu kusimama miguu ilimkataa. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Mtu akanong'ona kipindupindu, na familia zile zikavuta mikeka yao hadi ukuta wa pili. Mama na mzee wa kamati walimfunga kambo kwenye baiskeli, wakaondoka naye kwenda kliniki. Mama akaniambia nibaki na vitu.

Nilibaki na sahani. Nilichukua lile tonge, nikaliweka mdomoni. Nyuma ya ulimi, mahali pa mwisho kabisa, palikuwa na uchungu. Mdogo tu. Nikaelewa yote kwa mara moja.

Nje ya mlango, juu ya mafiga, sufuria tatu za maji zilikuwa zinachemka, na beseni tatu za unga wangu zilikuwa zinangoja kando.

Hapa ndipo ninapotaka kuandika kwamba nilikimbia. Sikukimbia. Nilikaa na sahani mapajani. Niliwaza: labda ni malaria. Labda ni maji ya shule. Kambo ni mzee, wazee huugua. Niliwaza juu ya uso wa mzee wa kamati. Niliwaza kwamba naweza kuwaambia unga umeingia mafuta ya taa, na hakuna atakayejua. Mama muuza chisense alianza kukoroga. Mwiko ulizunguka, ukazunguka, bukari ikashika, akaipakua. Mjukuu wake wa miaka kama mitatu akanyoosha mkono.

"Musikule!" Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Ile bunga ina sumu. Mihogo ilikaa siku mbili. Nilidanganya."

Kisha mama muuza chisense alimpiga mtoto kwenye kiganja, tonge likaanguka chini.

"Siku ngapi?"

"Mbili."

"Mbili!" Alinitazama tangu miguuni hadi kichwani. "Na ile akili yote ya baiskeli uliiweka wapi?"

Aliinua sufuria, akaimwaga katika shimo la takataka, akarudi kuchukua beseni. Bila kunitazama akasema, "Kimbia kliniki, we mupumbavu. Kule hawajui wanamutibia nini."

Huko ndiko nilikokimbia, kilomita nzima, na matope yakanivua kandambili moja. Muuguzi alikuwa anamtayarishia kambo kitanda cha wagonjwa wa kipindupindu. Nilisema mbele yake na mbele ya mama: mihogo mikali, siku mbili, amekula sahani nzima saa nne, tumbo tupu. Muuguzi aliacha alichokuwa anafanya akamwita mwenzake. Mama hakunipiga. Alifungua kilemba chake, akakifunga tena, akakifungua, akakifunga tena, mpaka nikatamani anipige.

Kambo aliwekewa dripu. Hadi jioni alikuwa anapumua kama mtu anayepanda kilima. Asubuhi alifumbua macho, akaomba uji, kisha akaomba nijongee.

Nilimwambia yote kwa mpangilio, kama ninavyofanya. Jua la Jumatano, kisu, swali la mama. Nilifika kwenye siku mbili nikasimama.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, kambo?"

"Bukari ilikuwa kali. Tangu tonge la kwanza. Mi nilikula mihogo mbele mama yako hajazaliwa, nitashindwa kujua?"

"Sasa juu ya nini ulikula, kama ulijua?"

Vidole vyake vilichezea ukingo wa shuka.

"Ulikuwa unaniangalia," akasema. "Ulikuwa unaniangalia kama vile mi ndiyo niko ule mutihani wako. Nikasema, mutoto huyu ametubeba sisi wote mu mayi. Nitamutemea chakula mbele ya batu?"

Nililia nimeweka uso kwenye shuka lake lililonuka dawa. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize.

"Siku ingine ikiwa kali, nitatema," akasema. "Utavumilia?"

"Nitavumilia, kambo."

"Usiseme haraka vile. Ulisema haraka na kwa mama yako."

Nikafuta uso. Nikafikiri kweli, kwa muda kama alioutaka, juu ya kukaa mbele ya mtu ninayempenda na kumwona akitema kazi ya mikono yangu. Ilinichoma, hata pale, hata baada ya yote. Nikamwambia kwamba itaniuma.

"Eh," kambo akasema, akafumba macho. "Hiyo sasa naamini."