Wa Kwanza Kufika Juu Hushuka Tena

Fyu, fyu, fyu. Saa kumi alfajiri, pampu ya baiskeli inapumua taratibu katika nyumba ya udongo karibu na reli ya Kindu. Anayejaza upepo si mwenye baiskeli. Ni mkewe, Sifa, aliyechuchumaa mlangoni, tochi ameibana kwapani.

"Goti yako haikulala usiku muzima," anasema bila kuinua uso. "Niliisikia ikigeuka mbele yako."

"Inawaza barabara," anajibu mumewe, Florentin. "Inataka kutembea."

"Inataka kiti, Papa. Goti yako inasema kweli kuliko mudomo yako."

Hata hivyo analibonyeza tairi kwa kidole gumba mpaka aridhike. Kisha anafunga muhogo wa kuchemsha katika jani la mgomba na kuuweka juu ya mzigo, mahali ambapo mkono wa mumewe utaufikia bila kutafuta.

Florentin ana miaka sitini na tatu. Tangu ujana wake kazi yake ni kusukuma baiskeli, ambayo watu wa hapa huiita kinga, kati ya Kindu na vijiji vya njia ya Kailo. Huenda na chumvi na sabuni, hurudi na mafuta ya mawese. Zamani alirudi na madumu manane. Siku hizi ni manne, na faida yake haipiti mchele wa wiki moja na dawa ya kuchua goti.

Sifa amepata mtu wa kuinunua kinga. Anataka wauze mafuta bandarini, wakiwa wamekaa. Florentin amekubali. Lakini leo anakwenda kumwambia mtu mmoja kwamba hatakuja tena, na hajui atamwambiaje.

Mtu huyo ni Amuri, mzee Mwislamu aliyepooza miguu, anayeishi na binti yake, Aziza, katika kijiji cha kando ya barabara. Kila mwezi, kwa miaka zaidi ya ishirini, Florentin amekuwa akimpelekea chumvi na sabuni. Si ndugu yake.

Nje ya mji ukungu umelala juu ya barabara kama maziwa yaliyomwagika. Florentin hapandi kinga, anatembea ubavuni mwake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mti uliofungwa nyuma ya kiti. Miti inatokea mmoja mmoja, inatazama, inapotea. Hapo ndipo anaposali. Hana sala ndefu. Anataja majina ya watu waliompa maji njiani, wengine wamekwisha kufa, na kila jina huchukua hatua chache.

"Nikimaliza majina, ninaona nimefika," anasema.

Wasukumaji wa kinga wana desturi yao. Mlima mkali hauwezi kupandwa na mtu mmoja mwenye mzigo. Kwa hiyo wa kwanza kufika juu hulaza kinga yake chini, akamshukia aliye nyuma, hata kama hamjui, akamsukuma.

Miaka ya vita desturi hiyo ilikuwa ngumu kuishika. Treni zilikuwa zimenyamaza, boti hazikupanda mto, na kinga ndizo zilizoulisha mji. Siku moja Florentin alikuwa wa mwisho katika msafara, ana homa, wakati bunduki zilipolia nyuma yao. Waliokuwa juu ya mlima walikimbia. Yeye alianguka chini ya mlima, kinga juu ya mguu wake.

"Nilianza Baba Yetu," anakumbuka. "Nikafika kwa mukate, nikasahau ya mbele. Nikarudia mukate, mukate. Majani ilikuwa inacheza juu, vizuri sana. Nikajisemea, basi, njo hapa nitakufia."

Kisha akasikia nyayo zikishuka. Hazikukimbia. Alidhani ni askari, akafumba macho.

"Simama, mudogo," sauti ikasema. "Kilima haitakuja kwako."

Alikuwa Amuri, siku hizo miguu yake bado mizima, ambaye hakuwahi kusalimiana naye. Alimwinua, akaisukuma kinga yake mpaka juu. Huko juu walikuta kinga ya Amuri imelala peke yake. Magunia yake ya chumvi, mali yake yote, yalikuwa yamechukuliwa na watu waliokimbia.

"Hakusema neno juu ya chumvi," anasema Florentin. "Mpaka leo."

Hatua chache mbele anaongeza: "Watu wanasema Mungu iko juu. Ni kweli, lakini mimi ninamujua kwa namna ingine. Yesu njo ule mwenye alifika juu, akalaza kinga yake, akashuka tena. Imani yangu yote njo hiyo. Na tumaini, ni kusikia nyayo wakati haujaona muntu."

Kwenye mlima wa mwisho goti linakataa. Florentin anasimama katikati, kinga inaanza kurudi nyuma. Kutoka juu anashuka Germaine, mchuuzi wa mchele, mmoja wa wanawake wachache wa njia hii.

"Shika usukani tu, Papa. Ya nyuma ni yangu."

"Ninaweza, mama."

"Unaweza kubishana. Kusukuma, niachie."

Florentin anainamisha kichwa. Tangu siku ile ya Amuri, daima yeye ndiye aliyeshuka. Leo anapanda polepole huku nguvu za mtu mwingine zikimsukuma mgongoni, na machozi yanamtoka. Germaine anajifanya anatazama msitu.

Amuri anamngoja kwenye mkeka barazani.

"Kinga yako inalia sana kama mbuzi ya sikukuu," anamtania. "Nimekusikia toka mutoni."

"Weye yaya, masikio njo imebaki kijana," anajibu Florentin, akimwita kaka mkubwa.

Aziza anapokea chumvi kwa mikono miwili na kuleta maji ya moto kwa ajili ya goti, kabla hajaombwa. Wazee wanakula muhogo wa Sifa. Florentin anafungua kinywa mara mbili, na mara mbili anasifia muhogo.

Amuri ndiye anayesema.

"Nimeiona ile mguu. Uza kinga, mudogo. Mimi nilishuka mara moja tu. Weye umekuja miaka hii yote. Inatosha. Usirudi."

"Yaya..."

"Inatosha, nimesema."

Florentin anamshika mkono. Kisha anamweleza mpango wake: kinga itauzwa, yeye na Sifa watakaa bandarini na mafuta yao, na, jambo aliloliamua leo njiani, nauli ya pikipiki ya kumleta hapa kila mwezi itatengwa kwanza, kabla ya mambo mengine.

"Sikupenda kubebwa," anasema. "Leo Germaine amenifundisha."

Amuri anacheka, anatikisa kichwa, anasema pikipiki ni ya vijana na itamwangusha. Anamfukuza kwa mkono: aende, jua lisije likamchoma.

Aziza anamtolea kinga hadi barabarani. Wamekwisha kuagana, gurudumu limeanza kuzunguka, sauti inapoita kutoka barazani, nyembamba, bila mzaha wowote.

"Mudogo! Idi iko karibu. Aziza atapika wali. Utakuja, ama?"